Ungo wa Bangili

1

Sikudhani Mbonde aliingia kwa mzazi na bangili mkononi, jambo ambalo mwanamke wa Sengerani hafanyi hata akiwa amechanganyikiwa. Si kwamba hakuwa na adabu. Alikuwa ametoka kuhutubia sokoni, sauti imemkauka, na uchaguzi wa meya ulikuwa keshokutwa. Miguu ilivuka kizingiti cha nyumba ya Mwajabu, binti wa kaka yake aliyejifungua juzijuzi tu, lakini kichwa kilikuwa bado sokoni kinapungia watu mkono. Ungo uliwekwa mlangoni kama kawaida, umejaa pete, saa na bangili za wageni waliokuwa jikoni uani, na yeye akaupita kama hakuuona.

Desturi hiyo ya ungo ni kongwe kuliko jiji lenyewe. Mtoto mchanga hashikwi na mkono uliotoka njiani na mapambo yake. Mgeni anavua vyote, anaviacha kwenye ungo, ananawa, ndipo anaingia. Mzazi mwenyewe havai chochote mkononi mpaka atoke arobaini, wala bibi anayemwangalia. Jiji lilipoleta bangili zake, zile zinazosoma mapigo ya damu, zinazofungua milango na kulipia nauli, na ambazo bila hizo hata hospitali hawakujui, mabibi wa Sengerani hawakuitisha mkutano. Walinyoosha kidole kwenye ungo, basi.

Nyumba ya Mwajabu ilikuwa Matofalini, chini bondeni, mahali ambapo zamani watu walichoma tofali na kwa tofali zile zile wakajijengea kuta nene za kudumu. Sikudhani alipopita sebuleni kuingia chumba cha ndani, joto lilimpiga usoni akarudi hatua. Mwajabu alikuwa amelala sakafuni, juu ya mkeka, kanga imemganda mwilini. Mtoto alikuwa pembeni yake, anahema harakaharaka kama kifaranga, amelazwa juu ya kanga mpya ya kampeni aliyoletewa na shangazi mtu. Kanga ilikuwa na picha ya Sikudhani akitabasamu, na chini ya picha maneno matatu ambayo jiji zima lilikuwa limeyakariri: Salama, Nafuu, Endelevu.

"Karibu, mkwe wangu," alisema Bi Pili, mama mkwe wa Mwajabu, akiwa amekaa kwenye kigoda na uso wa mtu aliyeridhika. "Mwaka huu tumepewa neema. Sisi tulikuwa tunawekewa jiko la mkaa chini ya kitanda ili mzazi apate joto. Siku hizi joto linatoka lenyewe ukutani."

Alikuwa anaonyesha tundu la Mzizimo, mtambo wa jiji wa kupoza nyumba, lile la ukutani lenye vibao vyembamba, ambalo kila nyumba ya Sengerani inalo. Kazi ya tundu ni kutoa ubaridi. Sikudhani alitaka kusema hivyo, lakini kabla hajafungua mdomo vibao vikageuka, vikalia kro, kama mtu anayealisha vidole, na upepo wa baridi ukaanza kuingia. Mtoto akatulia. Mwajabu akafumba macho akavuta pumzi ndefu.

Bi Pili alilitazama tundu kwa hasira, halafu akautazama mkono wa mgeni wake. "Mkwe. Bangili."

Sikudhani alishika kinywa kwa aibu. Akarudi mlangoni, akavua, akaweka kwenye ungo, akanawa, akaja kukaa. Hata hajamaliza kuuliza mtoto ataitwa nani, kule juu kukalia kro, na joto likarudi.

Alikuwa diwani kwa kipindi kizima, amekaa kwenye kamati ya Mzizimo, amezindua matundu kwa kukata utepe mpaka mikasi ikamchosha. Alijua kwamba Mzizimo unahesabu watu kwa bangili zilizovaliwa, zenye mapigo ndani yake, ili usipoteze baridi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hilo aliwahi hata kulisifu jukwaani. Alinyanyuka, akaenda kwenye ungo, akavaa. Baridi. Akavua, akasubiri. Joto. Akavaa tena. Bi Pili akamuuliza kama amekuja kumwona mtoto au kuchezea mlango.

"Shangazi," alisema Mwajabu kwa sauti ya chini, "mimi huyu mwanangu simwelewi. Mchana anachemka, jioni baba yake akirudi kazini anapoa. Wa Hadija pale mbele naye alikuwa hivyo hivyo. Amezikwa juzi. Wa nyumba ya nyuma alitangulia. Wote wanasema degedege."

Mtoto alikuwa amegeuza shavu na kulilaza juu ya ile picha inayotabasamu, na jasho lake lilikuwa limeilowesha mpaka meno.

Alimsihi Mwajabu avae bangili, na Bi Pili akakataa katakata: arobaini haivunjwi kwa ajili ya mashine. Hapakuwa na muda wa kubishana. Alimwita dereva wake, Shomvi, akamkalisha sebuleni na bangili yake mkononi na kumwambia asitoke hapo hata nyumba ikiungua, kwa maana Mzizimo hauhesabu vyumba, unahesabu nyumba. Shomvi hakuelewa kitu, ila alipewa chai akakaa. Baridi ikaja. Sikudhani akaendesha gari mwenyewe moja kwa moja hadi ofisi za Shirika la Mzizimo.

2

Mhandisi Gwamaka Sanga hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa maneno. Alimpokea Sikudhani mlangoni, akamwita Mheshimiwa, akaagiza chai ya tangawizi. Ofisini kwake kulikuwa na baridi ya kuvalia sweta, na sweta alikuwa nalo.

Sikudhani alimweleza alichokiona. Alitegemea mshangao. Alitegemea mhandisi ashike simu, apige kelele, aulize ni nyumba gani. Gwamaka alikoroga chai yake.

"Joto haliuawi, Mheshimiwa," alisema. "Linahamishwa tu. Ukilitoa chumbani kwako lazima likae mahali."

Akamwonyesha ukutani ramani ya jiji, mishipa ya maji ikipita chini ya ardhi kama mizizi. Mwanzoni, alieleza, mpango ulikuwa kuchimba bwawa kubwa la joto nje ya mji, lifunikwe na udongo, joto la mchana liende kulala huko. Bwawa lingepandisha bei ya Mzizimo mara dufu, na baraza la madiwani lilitaka nafuu. Ndipo vijana wake wakagundua kwamba Matofalini mchana watu wote wako kazini huku juu, wanafagia, wanapika, wanalea watoto wa wenzao. Nyumba zinabaki tupu. Na kuta zile za tofali nene zinameza joto vizuri kuliko bwawa lolote. Mashine ikafundishwa: jengo lolote jijini lisilo na bangili, lipelekewe joto. Jioni wenyewe wakirudi, joto linaondolewa.

"Hazibaki tupu," alisema Sikudhani. "Kuna wazazi. Kuna vichanga."

"Tulikuja kuliona baadaye, kwenye takwimu."

"Lini?"

Gwamaka aliangalia chai. Akasema msimu wa joto uliopita.

Msimu uliopita. Sikudhani alirudisha akili nyuma na kukumbuka kwamba msimu ule ule yeye mwenyewe alisimama ukumbini akapiga makofi wakati Gwamaka huyu anasoma taarifa ya mafanikio, na baadaye wakala pilau meza moja. Mtu alikuwa anajua kwamba watoto wanapikwa ukutani, akala pilau, akaomba na kachumbari. Alitamani kummwagia ile chai.

Badala yake aliuliza inachukua nini kuacha. Gwamaka akamjibu kwa upole, kama daktari anayejua kutoa habari mbaya. Ukisema zile nyumba zina watu, hakuna tena pa kupeleka joto. Mchana kutwa majengo mengine yote yana watu. Mzizimo utajizima kuanzia saa sita mpaka alasiri, kwa kila mtu, mpaka bwawa lijengwe, na bwawa ni kazi ya mwaka na zaidi, na bei itapanda. Na asifikiri atakwenda kuwanong'oneza wanawake wa Matofalini wakae na mtu mwenye bangili. Wakijua wachache mtaa mzima utajua, na kesho mchana jiji lote litatoka jasho na kuuliza nani kafanya hivi.

"Jina litakalotajwa ni lako," alisema. "Wewe ndiye uliyewaahidi nafuu. Nyamaza mpaka keshokutwa, Mheshimiwa. Utashinda, nakuhakikishia. Ukishakaa kwenye kiti, tutalimaliza mimi na wewe bila makelele. Ukisema leo unashindwa, na mpinzani wako akishinda hatalishika kabisa. Sasa nani atakuwa amewasaidia hao watoto?"

Lililomkera Sikudhani kuliko yote ni kwamba maneno yale yalikuwa na akili. Aliyapindua huku na huku akitafuta tundu, hakuliona.

"Na mpaka keshokutwa," aliuliza, "vichanga wangapi?"

"Hilo haliwezi kusemwa kwa uhakika. Ni uwezekano tu."

Sikudhani alisimama. Chai yake ilikuwa haijaguswa. Alimwambia kwamba uwezekano huo una shavu, na umelilaza kwenye kanga yenye picha yake yeye Sikudhani, halafu akatoka kabla hajasema neno ambalo mgombea hatakiwi kulisema.

3

Chilumba, meneja wake wa kampeni, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea mlango wa gari. Huyu alikuwa rafiki yake tangu enzi za umoja wa wanafunzi, na ndiye aliyetunga yale maneno matatu. Alipovuta pumzi Sikudhani alijua atakachosema.

Alisema kile kile cha mhandisi, ila kwa machozi. Kwamba wamehangaika miaka. Kwamba mwenzao kwenye kinyang'anyiro hajawahi hata kushuka Matofalini, na akipata kiti atauza mpaka mabomba. Kwamba siku mbili si kitu. Shomvi akae kwa Mwajabu siku hizo mbili, mtoto wa nyumbani apone, halafu Jumatatu waanze kazi.

"Mtoto wa nyumbani," alirudia Sikudhani.

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha hivyo, Chilumba, na mimi nilishafanya hivyo hivyo. Nimemwacha Shomvi kwa wangu nikaondoka. Nimepita mlango wa mzazi wa pili na wa tatu ndani ya gari hili hili, kiyoyozi kinavuma."

Chilumba aliinua macho. Wote wakawa wanaangalia bango lililo mbele yao, uso mkubwa wa Sikudhani juu ya paa la benki. Salama. Salama ya nani? Nafuu ilitoka wapi? Watu wa huku juu walikuwa wanalala mchana wamejifunika shuka, na shuka hilo lilikuwa limevuliwa mwilini mwa mtoto asiye na hata jina. Na neno endelevu ndilo lilimtia kichefuchefu hasa, maana kweli kabisa mpango ule ungeweza kuendelea milele, ili mradi wanawake wa Matofalini waendelee kuzaa na kuheshimu arobaini.

Asubuhi yake alirudi kwa Mwajabu. Mtoto alikuwa ameamka salama, ananyonya, na Shomvi bado yuko sebuleni na bangili yake. Sikudhani alimkalisha Bi Pili akamweleza yote bila kupunguza. Bibi yule alisikiliza, mikono imelala mapajani. Alipoelewa hakulia. Alisema kwamba yeye ndiye aliyekwenda kwa Hadija kumwambia ashukuru, joto ni dawa ya mzazi. Hata dirisha yeye ndiye aliyemwambia Hadija alifunge. Halafu akanyanyuka, akachukua ule ungo wa mlangoni, akaukung'uta, akajitanda kanga.

"Twende huko unakohutubia," alisema.

4

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulikuwa mchana, Ukumbi wa Jiji, na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nje lami ilikuwa inalainika. Ndani baridi ilikuwa tamu, watu wamevaa fulana za maneno matatu, wanaimba. Mstari wa mbele walikaa wageni rasmi, na kati yao Mhandisi Gwamaka na sweta lake, kwa sababu Shirika ndilo lililotoa ukumbi.

Sikudhani alipanda jukwaani na Bi Pili nyuma yake. Shangwe zikapanda. Alisubiri zishuke, halafu akasema hatahutubia. Ana mzazi Matofalini, na anaomba leo ukumbi mzima umsindikize kumwona. Sasa wanajua wenyewe mtu anaingiaje kwa mzazi. Akavua bangili yake hadharani, akaitumbukiza kwenye ungo wa Bi Pili.

Watu walicheka kwa furaha. Huyo ndiye Sikudhani wao, ana vituko. Ungo ukashuka, ukapita mstari hadi mstari, ukajaa, mabeseni ya wauza maji yakaongezwa. Hakuna aliyekataa, maana kumkatalia bibi mwenye ungo ni kumtukana mzazi na kichanga chake. Askari wa mlangoni walivua. Waandishi walivua. Chilumba alisimama pembeni ya jukwaa ameishika bangili yake kama mtu anayezuia damu, akamtazama Sikudhani kwa muda mrefu, kisha akaivua na yeye, akairusha kwenye beseni.

Wakati vyombo vinazunguka, Sikudhani alizungumza. Hakupaza sauti. Alisimulia kuhusu tundu la ukutani, na mtoto wa Hadija, na yule wa nyumba ya nyuma. Alisema nani alijua, na tangu lini, na kwamba yeye mwenyewe alipiga makofi bila kuuliza joto linakwenda wapi. Vicheko vilikufa kimoja kimoja.

"Niliwaahidi nafuu," alisema. "Nafuu hiyo hakuna. Mkinichagua, mchana mtatoka jasho, na mimi nikiwemo, mpaka bwawa lijengwe. Na bei itapanda. Asiyetaka hilo asinipe kura yake, sitamlaumu."

Mahali fulani nyuma mtu alizomea. Mwingine akasema huyu mama ametumwa, ukumbi mbona una baridi yake? Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti: kama bangili zimevuliwa zote, na hayo yanayosemwa ni kweli, mbona joto haliji?

Sikudhani alikuwa anamwangalia Bi Pili, ambaye alikuwa amefika mstari wa mbele na kusimama, ungo mzito mikononi, mbele ya Mhandisi Gwamaka. Mkono wa mhandisi ulikuwa ndani ya mkono wa sweta.

"Vua, mwanangu," alisema Bi Pili. "Unaingia kwa mzazi."

Gwamaka alitabasamu, akasema ana haraka, bibi amsamehe. Bi Pili hakusogea. Waliokaa karibu wakageuka. Mzee mmoja akamwambia mhandisi avue tu, ni dakika chache, kwani kuna nini? Ukumbi wote ukaanza kusimama ili uone, na aliyekuwa anazomea akanyamaza. Gwamaka aliangalia juu, kwenye matundu makubwa ya darini. Ni yeye peke yake ukumbini aliyeangalia juu, na watu walimwona akiangalia.

"Si salama," alisema kwa sauti ndogo. Kipaza sauti cha mwandishi kilikuwa karibu, kikalibeba neno hilo mpaka ngazini.

Bi Pili alimtazama. "Kwa nani?" akauliza.

Mhandisi alinyanyuka. Alipita katikati ya viti bila kumgusa mtu, na watu walimpisha, hakuna aliyemzuia. Sikudhani aliwaambia milango haina kufuli, asiyeweza atoke, hiyo ndiyo tofauti yao na Mwajabu. Watu walibaki wamesimama, wanautazama mgongo wa sweta ukielekea mlangoni na bangili ya mwisho.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Darini, kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho, matundu yakalia kro. Ukumbi ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye ngazi, na kwa Mzizimo haukuwa na mtu hata mmoja.